Kibali cha Fundi wa Jibini

Sehemu ya tano

Kwa anayeanza kusoma leo, mambo yalifika hapa.

Felista, katibu wa kikundi cha wafuga mbuzi wa maziwa huko juu Mgeta, ndiye aliyepewa kazi ya kumtafutia kibali Kasereka, fundi wa jibini kutoka Kongo. Kikundi kilikaa kikao. Mwenyekiti, Mzee Benedikto, alitaka waombe daraja A, la wawekezaji, kwa hoja kwamba mgeni amekuja na sufuria yake mwenyewe. Watu wakacheka, wakakubaliana na daraja C, la mtaalamu aliyeajiriwa.

Maombi yakatumwa. Baada ya wiki tatu yakarudi na sharti moja: kikundi kitaje Mtanzania mwenye elimu ya maziwa, ambaye fundi atamfundisha kazi mpaka amrithi. Siku kumi na nne za kujibu.

Mtu huyo alikuwepo. Ni Angelina, binti wa Mzee Benedikto, mwenye stashahada ya mambo ya maziwa. Nakala ya cheti chake alikuwa ameshaikabidhi kwa Felista, ndani ya bahasha ya kaki.

Felista aliusoma ujumbe ule peke yake. Hakuujibu. Siku kumi na nne zikaisha, naye akasimama mkutanoni akatangaza kwamba C imekataliwa.

Kisha akamwendea Padri Deogratias, akapata barua ya kumtambulisha Kasereka kama mtu wa kujitolea wa parokia, akamwombea daraja D, la watu wa dini na misaada. Padri hakuambiwa kwamba kikundi kitamlipa fundi mshahara. Fundi naye hakuambiwa kwamba mwenye D hapaswi kulipwa.

Mwaka mzima ukapita salama. Jumanne hii gari la serikali likapanda mlima.

Afisa Kazi, mwanamke aitwaye Zuleha, alimkuta Kasereka mikono imo ndani ya maziwa yaliyoganda. Akamuuliza kama analipwa. Kasereka akajibu kwa moyo mweupe: ndiyo, kila mwisho wa mwezi. Akamuuliza ni nani aliyemchagulia njia ya D.

Kasereka alimtazama Felista. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe."

*

Gari liliteremka na pasi ya kusafiria ya Kasereka. Amri ilikuwa moja: wote waliotajwa kwenye makaratasi wafike ofisini Morogoro mjini, Ijumaa saa tatu asubuhi.

Akina mama walioleta maziwa waliondoka wamejiinamia, kila mmoja na kidumu chake kitupu. Felista akabaki mlangoni. Kasereka alikuwa ameshanawa na kurudi kwenye sufuria, anakata maziwa yaliyoganda kwa kisu kirefu, mistari imenyooka kama matuta ya karoti.

"Kwa nini ulisema mwenyewe?"

"Ulitaka niseme nani?"

"Maombi niliandika mimi. Unajua."

"Ninajua." Hakuacha kukata. "Mama Joyce, mimi ni mgeni. Mgeni wakimkasirikia wanamrudisha kwao, bon, imekwisha. Wewe wakikukasirikia watakufunga hapa hapa. Mwanao Joyce atabaki na nani? Na hawa mama wote watapeleka wapi maziwa?"

"Lakini si kweli, Kasereka."

"Ulihangaika kwa ajili yangu. Ulikuwa unashuka mlima na karatasi zangu umezifunga ndani ya mfuko wa nailoni, mvua yote ikikuishia mwilini. Unafikiri sikuona?"

Felista alishika fremu ya mlango. Kilichomuuma ni kwamba mvua ile ilikuwa ya kweli. Alilowa kweli, aliugua kweli, alihangaika kuliko mtu yeyote. Alihangaika kuipata D ili mtu yeyote asiikumbuke tena C.

Akafungua kinywa aseme. Maneno alikuwa nayo.

Kasereka akamwahi. "Ijumaa, nakuomba kitu kimoja. C usiitaje kabisa. Ilikataliwa, imepita. Tusiwachokoze."

"Sawa," alisema Felista.

Aliondoka akijichukia. Mtu anayezama kwa ajili yake ndiye huyo huyo anayemfundisha namna ya kunyamaza.

*

Kwa nini alifanya vile?

Si kwamba alimchukia Angelina. Alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Ni binti wa mjomba wake.

Ila Felista aliishia kidato cha nne. Kikundi kile alikianzisha yeye na mbuzi wanne, miaka tisa iliyopita. Alijifunza kukamua, kupima maziwa, kuandika mihtasari, kujibizana na wanunuzi wa mjini. Kasereka alipokuja, ndiye aliyesimama pembeni yake kila asubuhi, akajifunza joto la maziwa kwa kiwiko cha mkono kabla hajakijua kipimajoto. Moyoni alijiona yeye ndiye atakayerithi ile sufuria.

Halafu ukaja ujumbe unaotaka mtu mwenye stashahada.

Akamwona Angelina katika koti jeupe. Akajiona yeye mwenyewe anaambiwa, dada, tusaidie kuosha ndoo.

Ni hilo tu. Alifunga simu, akaiweka mfukoni. Hakujua kwamba kuna kosa ambalo mtu analifanya kwa kukaa kimya siku kumi na nne.

*

Jumatano alasiri Felista alikwenda kanisani. Padri Deogratias alikuwa kwenye kiti cha kitubio, wazee wawili wakitangulia. Walipomaliza, akapiga magoti.

"Nibariki Padri, kwa maana nimekosa."

Akaanza na madogo. Alimfokea Joyce. Alikosa Misa ya Jumapili mbili. Alimtukana mbuzi dume wa jirani.

"Endelea," alisema Padri nyuma ya pazia. "Huyo mbuzi hakukuleta hapa leo."

Felista akasema yote. Ujumbe, siku kumi na nne, bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro lake, barua ya parokia. Alisema kwa haraka kama mtu anayetapika, na alipomaliza alisikia benchi la upande wa pili likilia.

"Barua hiyo ni ile niliyotia saini mimi?"

"Ndiyo, Padri."

"Una nia ya kutengeneza ulichokiharibu?"

"Ninayo."

"Basi malipizi yako ni hayo. Uende ukaseme kweli mbele ya wanaohusika, kabla mtu mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Felista alishtuka. Alikuwa na hesabu nyingine kichwani, na sasa ikabidi aitoe. "Padri, si utasema wewe Ijumaa? Wewe watakusikiliza. Ukisema wewe, watakuwa wapole."

"Nitasema nini? Hapa sijasikia kitu. Nikiinuka kwenye kiti hiki, ulichosema kimebaki hapa. Siwezi hata kukukumbusha njiani."

"Na wakikuuliza barua ilikuwaje?"

"Nitajibu ninachokijua nje ya hapa. Nilitia saini. Sikuambiwa kwamba analipwa."

"Watasema Kasereka ndiye aliyekudanganya!"

"Watasema hivyo," alisema Padri. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ndiyo maana nasema kabla."

Akamwondolea dhambi. Felista akafanya ishara ya msalaba, akatoka, na hakuhisi wepesi wowote.

Dakika chache baadaye walikutana nje, kwenye ngazi. Padri alikuwa amevua stola, ule ukanda wa shingoni wa kitubio.

"Felista! Mbuzi hawajambo? Yule aliyezaa mapacha anaendeleaje?"

Alimtazama usoni akitafuta hata alama ndogo. Hakuiona. Padri alitabasamu kama siku zote, na tabasamu lile lilimwogopesha kuliko kama angemgombeza. Alielewa kwamba duniani pote hakuna atakayemsukuma. Akinyamaza, itakuwa kimya.

*

Alhamisi alishuka mjini juu ya lori la kabichi.

Angelina alikuwa ameajiriwa kwenye duka la pembejeo karibu na stendi ya Msamvu. Alipomwona alitoka nyuma ya meza mbio.

"Shikamoo, dada! Umeshuka lini? Nimesikia ya Fundi Kasereka, Baba amenipigia. Pole jamani."

"Marahaba. Tumeshapoa." Felista alikaa juu ya gunia la mbegu. Alikuja na nia ya kusema. Kilichotoka ni kingine. "Nimekuja kukuuliza. Ikitokea tukaomba C upya, bado uko tayari kuwa mrithi wa kazi?"

Angelina alimtazama kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Mimi?"

"Wewe."

"Dada, nilijua mmeniona sifai. Baada ya kuleta cheti nilikaa zaidi ya mwezi nasubiri simu. Kila namba ngeni ikipiga nilikuwa napokea nimesimama." Akacheka, macho yanang'aa. "Halafu Baba akaniambia C imekataliwa. Nikasema basi. Nikaja huku kuuza dawa za minyoo. Lakini siku zote nilimwambia Baba, dada Felista najua alinipigania."

Felista aliangalia sakafu.

"Ila subiri kwanza," alisema Angelina. "Tukiomba upya bila kujua kosa la mwanzo, watakataa tena. Walisema walikataa kwa sababu gani?"

"Hawakusema."

"Lazima waseme, dada. Kwenye mfumo inabaki. Akaunti ya kikundi si iko kwenye simu yako? Fungua tuone."

Mteja akaingia. Mzee mmoja aliyetoka Gairo, anataka dawa ya mbuzi, na kabla ya kununua alitaka kwanza kueleza kila mbuzi wake anaumwa nini. Angelina akamsikiliza. Akamweleza kipimo, akarudia, akamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Mlango ulikuwa wazi. Felista angeweza kuinuka na kusema lori linaondoka.

Alitoa simu. Akaingiza namba ya siri. Akafungua ukurasa ule ambao hakuugusa kwa mwaka mzima, akaiweka simu juu ya meza, kioo kikiangalia juu.

Mzee aliondoka. Angelina akarudi akijifuta mikono, akainama kusoma.

Alisoma kwa sauti, polepole. "Yamerudishwa kwa marekebisho. Taja jina na sifa za Mtanzania atakayerithi kazi." Akasogeza kwa kidole. "Ujumbe umesomwa." Akasogeza tena. "Yamefungwa kwa kutojibiwa."

Akarudisha ukurasa juu, akasoma tarehe.

"Umesomwa siku hiyo hiyo ulipotumwa," alisema. "Saa nne asubuhi."

"Ndiyo."

"Nani alisoma?"

"Mimi."

"Na nakala ya cheti changu ulikuwa nayo."

"Ninayo mpaka leo."

Angelina alivuta kiti, lakini hakukaa. "Hawakukataa, dada. Walikuwa wanauliza jina langu tu."

"Angelina..."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ingekuwa wewe. Isingekuwa mimi."

Alidhani atapigwa kofi. Alilingoja. Angelina aligeuka akaanza kupanga chupa za dawa kwenye rafu, zile zile ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Fundi?"

"Hajui. Anadhani mimi ni mtu mwema. Jumanne alisema njia ya D alijichagulia mwenyewe, ili wasiniguse."

Chupa moja ikaanguka, haikuvunjika. Angelina aliiokota.

"Sitakupigia kelele kwenye duka la watu," alisema bila kugeuka. "Kesho nitakuja hapo ofisini. Nitakaa nje. Ukitoka hujasema, nitaingia niseme mimi. Sasa nenda, dada. Nina kazi."

Ni mara ya kwanza Angelina kumfukuza mahali.

*

Ijumaa walifika saa mbili na nusu: Mzee Benedikto na kofia yake ya Jumapili, Padri Deogratias, na Felista. Angelina alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje, bahasha ya plastiki magotini. Alimwamkia baba yake. Kwa Felista alitupa jicho mara moja tu.

Kasereka hakuwa nao kwenye safari. Walimkuta ndani.

"Mwenzenu amenitangulia mimi mwenyewe mlangoni," alisema Afisa Zuleha. "Ameshaandika maelezo yake. Nitawasomea, halafu kila mmoja atasema kama anayakubali."

Akavaa miwani.

"'Mimi Kasereka, raia wa Kongo, nakiri kwamba nilijua sistahili daraja D. Niliidanganya parokia kwamba nitajitolea, na nilikidanganya kikundi kwamba kibali changu kinaruhusu mshahara. Hakuna mtu mwingine aliyehusika. Naomba niondoke kwa amani.'"

Akaiweka karatasi chini.

"Kwa maelezo haya kibali kinafutwa. Atapewa siku saba za kuondoka nchini, na jina lake litaingia kwenye orodha ya waliodanganya. Hataomba tena. Baba Paroko, barua hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulijua kwamba analipwa?"

"Sikujua."

"Aliyekuletea ombi la barua alikwambia nini?"

Padri alisita. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana juu ya magoti. "Niliambiwa ni wa kujitolea," alisema. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Mwenyekiti, mlimlipa?"

"Tulimlipa!" alisema Mzee Benedikto. "Kwani kuna mtu anaamka alfajiri kila siku kutengeneza jibini bure?"

"D maana yake ni hiyo, mzee. Kujitolea. Huyu alikuwa mwajiriwa wenu, njia yake ilikuwa C."

"C walitukatalia. Sisi wa mlimani tukaambiwa kibali ni kibali."

"Mliambiwa na nani?"

Mzee Benedikto aligeuza shingo kumtafuta katibu wake, bila ubaya wowote, kama anavyomtafuta kila siku akisahau jina au tarehe.

Felista akasimama.

"Mama Joyce, kaa," alisema Kasereka. Alisema haraka, kwa sauti ambayo Felista hajawahi kumsikia nayo.

"Maelezo hayo si ya kweli," alisema Felista.

"Kaa, nakuomba!"

"Bwana, mwache," alisema Zuleha. Akamgeukia Felista. "Mama, kabla hujaendelea. Utakachosema nitakiandika, nawe utatia saini. Huyu kosa lake linaishia kurudishwa kwao. Wewe ni raia. La kwako linaweza kwenda mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema."

Akasema. Safari hii hakukimbia. Alitaja tarehe ya ujumbe, alitaja jina la Angelina, alitaja bahasha na mahali alipoificha. Alisema kwamba Padri aliamini alichoambiwa na yeye, na fundi alitia saini alipoonyeshwa na yeye. Akaweka simu mezani, ukurasa uko wazi.

"Kwa nini hukujibu?" aliuliza Zuleha.

"Wivu."

Kalamu ikasimama kidogo, kisha ikaliandika neno lile.

Mzee Benedikto alivua kofia. Aliigeuza mikononi, akaangalia ndani yake kama kuna kitu amekipoteza humo.

"Felista," alisema. "Mwana wa dada yangu."

Hakuongeza. Felista alitamani aongeze lolote, hata tusi.

Mlango ukagongwa. Angelina aliingia, akaamkia, akaweka cheti chake halisi mbele ya Zuleha. "Mimi ndiye aliyetakiwa kutajwa," alisema. "Bado nipo."

Zuleha alisoma cheti. Alisoma ukurasa wa simu. Alisoma tena maelezo ya Kasereka, akatikisa kichwa, akayageuza kifudifudi.

"Mama, wewe utaitwa. Hilo siwezi kulizuia na sitaki ujidanganye. Tia saini hapa." Felista akatia. "Lakini kwa upande wa huyu bwana, mambo yamebadilika. Mtu aliyepotoshwa na mwajiri wake si sawa na mtu aliyedanganya. Nitaandika hivyo. Hataingia kwenye ile orodha. Mnaruhusiwa kuomba C upya, na safari hii mrithi mnaye."

"Mungu akubariki, mama," alisema Mzee Benedikto.

"Bado kitu kimoja. Mniletee vyeti halisi vya fundi, vile alivyosomea huko Kongo. Jumatatu asubuhi. Nitavilinganisha na nakala zilizotumwa mwanzo, basi."

"Vipo," alisema Felista, akiwa hajafikiri hata kidogo. "Anavyo. Nitavileta mimi mwenyewe."

*

Nje kulikuwa na jua kali. Mlima ulionekana wote, bila wingu.

Mzee Benedikto alimkumbatia Kasereka. Alimpita Felista bila kumtazama, akaenda kusimama na binti yake. Padri Deogratias ndiye aliyemsogelea.

"Leo nimesikia, Felista," alisema kwa upole, akamgusa bega, akaenda zake.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa aibu na kwa kitu kinachofanana na raha. Mahakama ingekuja, uongozi wangemvua, lakini mtu mmoja asiye na hatia ameokoka, na ameokoka kwa mdomo wake yeye.

Alipofuta macho alimwona Kasereka amesimama peke yake kwenye bomba la maji, nyuma ya jengo. Maji yalikuwa yanamwagika. Hakuwa ananawa.

Akamfuata.

"Kasereka. Sijui niseme nini. Mwaka mzima nimekutazama machoni..."

"Nilikwambia usiitaje C."

"Najua. Ulinionea huruma, mimi sistahili..."

"Haikuwa huruma!" Akafunga bomba. "Sikiliza. Siku ile ulipokuja kuniambia C imekataliwa, unajua nilifanya nini? Nilipiga magoti pale pale penye rafu za jibini, nikamshukuru Mungu."

Felista hakuelewa.

"Vile vyeti si vyangu. Ni vya Paluku, kaka yangu. Yeye ndiye aliyekwenda shule ya maziwa. Mimi alinifundisha nyumbani, miaka sita, mpaka nikampita. Kisha vita ikaja, akafa, nikabaki na karatasi zake na mikono yangu. Nakala mliyotuma niliibadilisha jina kwa mpiga chapa, Goma. Nakala inaweza kubadilishwa, Mama Joyce. Cheti halisi, hapana, na kwenye C siku moja wangekidai."

"Lakini nimemwambia vipo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemwahidi."

"Nilisikia."

"Ungeniambia!"

"Nilikuomba unyamaze. Ningeondoka siku saba, kwa amani, na jina la mtu aliyedanganya kuhusu D. Sasa ni kugushi. Hiyo hawanirudishi kwetu. Hiyo wananifunga."

Felista aliegemea ukuta. Mwaka mzima alijiona mwovu kwa kunyamaza. Leo amesema, na amemtoa mtu kwenye siku saba za kwenda kwao, akampeleka mlangoni mwa jela. Na huko ndani kuna karatasi yenye saini yake, wino hata haujakauka vizuri, inayosema huyu bwana hana hatia yoyote.

"Tumwambie Padri," alisema.

"Padri amechoka kubeba siri zenu."

"Basi Jumatatu tuseme vimepotea."

Alijisikia akisema hivyo. Hata saa moja haijapita tangu asimame pale mbele na kusema kweli, na uongo mpya ulimtoka mdomoni mwepesi, umeshakamilika, kama ulikuwa unamngoja nje ya mlango.

Kasereka alifungua kinywa. Alikuwa anataka kujibu.

"Mama Felista!"

Wote wawili waligeuka. Afisa Zuleha alikuwa ametoka mpaka kwenye baraza, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mkono wa kulia ameinua juu ile nakala ya cheti cha fundi, kuelekea jua, anaitazama kwa nyuma pale jina lilipoandikwa.

"Huyo bwana asiondoke kwanza," alisema. "Njooni ndani mara moja. Wewe na yeye tu."